Namna ya kutaka radhi na kurudisha haki za watu, hatua kwa hatua

Shaaban ikikaribia kwisha, na kila msimu wa Hija, simu hujaa ujumbe ule ule: "Tusameheane kwa tuliyoyajua na tusiyoyajua." Mtu huutuma kwa watu mia mbili kwa mkupuo mmoja, akalala mwepesi. Kukicha, deni la mwenye duka liko pale pale, dada yake bado hajaona sehemu yake katika nyumba ya baba, na jirani aliyezushiwa bado anatazamwa kwa jicho la pembeni mtaani.

Ujumbe ule si haramu, na wakati mwingine hulainisha nyoyo. Ila kazi yake ni ya salamu. Toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha, kujuta, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa ndani yake mna haki ya mtu, wanazuoni, akiwemo Imamu Nawawi, huongeza la nne: kujivua na haki hiyo kwa mwenyewe. Wengi hukwama kwenye hilo la nne, na hukwama kwa sababu wanataka kulimaliza kwa jumla, ilhali dhima, yaani mzigo wa haki za watu ulio shingoni mwako, husafishwa haki moja moja.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la karatasi. Usitumie simu: watoto hushika, fundi hushika, na humo mtakuwa na siri za watu wengine.
- Saa mbili za upweke, mara mbili, katika siku tofauti. Kumbukumbu nyingi huja siku ya pili.
- Kiasi cha pesa unachoweza kukitenga kila mwezi bila kuwanyima chakula unaowalisha. Kijue kabla hujaanza kuahidi.
- Mtu mmoja mwenye elimu ya fiqhi wa kumuuliza. Utamhitaji kwenye mirathi, kwenye haki za waliokufa, na kwenye jambo lolote linaloweza kuvunja ndoa.
- Shahidi mmoja au wawili, kwa madeni makubwa tu.

## Hatua ya 1: Andika orodha

Gawa daftari sehemu tatu: mali, maneno, na mwili. Kwa kila jina andika nini, kiasi gani, lini, na neno moja la mwisho: *anajua* au *hajui*. Neno hilo ndilo litakaloamua njia utakayopita huko mbele, kwa hiyo usiliruke.

Usikumbuke kwa kutaja dhambi, kumbuka kwa kutaja mahali. Anza na nyumba ulizokaa, kisha madrasa na shule, kazini, safarini, upatu uliocheza, misiba na harusi ulizoshika michango. Anayejiuliza "niliiba nini?" hujibu "sikuiba." Ajiulize "nilipokuwa mweka hazina wa harusi ya binamu yangu, chenji ilikwenda wapi?" na jibu litakuja.

Vitu vinavyosahaulika mno ni hivi: mshahara wa mwezi wa mwisho wa dada wa kazi aliyeondoka kwa ugomvi, kitu cha kuazima kilichozoeleka ndani mpaka kikawa chako, mpaka wa kiwanja uliosogea hatua mbili, mizani ya dukani iliyokuwa pungufu, nauli uliyomruka kondakta, na fundi uliyemlipa nusu ukamwambia "njoo kesho" mpaka akachoka kuja.

*Tahadhari ya kwanza:* dhambi za faragha ambazo Allah amekusitiri, kama zinaa, usiziandike. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (rehma na amani zimfikie) amesema umma wake wote utaafiwa isipokuwa wanaojianika, yaani wanaotangaza dhambi zao wenyewe. Tubu kwa Mola wako, na kama kuna mtu aliyeumia, muulize mwanachuoni bila kutaja majina.

*Tahadhari ya pili ni wasiwasi.* Huna hakika kama ulichukua? Asili ni kwamba dhima yako ni safi, kwa hiyo usiandike. Una hakika ulichukua lakini kiasi kimekupotea? Panda mpaka kwenye kiwango ambacho moyo unatulia kwamba hakipungui haki ya mtu. Bila kanuni hizi mbili, kuna watu hujaza daftari zima na wasilipe hata senti.

Utajua hatua imekamilika ukisoma kila mstari ukaona jina na kitu. Mstari wa "watu wengi niliowakosea" haulipiki. Uvunje au ufute.

## Hatua ya 2: Simamisha kinachoendelea

Kabla hujalipa ya zamani, zima ya leo. Kama bado unapokea kodi ya nyumba ya urithi peke yako, mwezi huu igawe. Kama umo kwenye kundi la simu ambalo kazi yake ni kuwateta watu, toka. Kuomba radhi huku dhuluma inaendelea humfanya mwenye haki akuone unamchezea, na ana haki ya kukuona hivyo.

## Hatua ya 3: Rudisha mali

Anza na mali kabla ya maneno, hata kama maneno ndiyo yanayokuuma zaidi. Mali ina hesabu, na mtu uliyekwisha kumlipa hukusikiliza. Tena deni ni zito: katika hadithi iliyopokewa na Muslim, shahidi, yaani aliyeuawa katika njia ya Allah, husamehewa kila kitu isipokuwa deni.

Unarudisha nini hasa. Kama kitu chenyewe kipo, kirudishe chenyewe, pamoja na gharama ya ulichokiharibu. Kama hakipo na ni kitu cha kupimwa, rudisha mfano wake: kilo 20 za mchele hulipwa kwa kilo 20 za mchele wa aina ile, hata kama bei imepanda. Kama ni kitu kisicho na mfano, kama mbuzi au simu iliyotumika, hulipwa thamani yake.

Deni la pesa hulipwa kwa idadi ile ile na sarafu ile ile. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilisimama hapo: thamani ya sarafu ikishuka, deni haliongezwi kwa kuifuata bei ya vitu. Lakini wewe mdaiwa, ukiongeza kwa hiari yako bila kuwekewa sharti, hiyo ni Sunna. Mtume alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora kuliko yule, akasema wabora wa watu ni wanaolipa vizuri zaidi. Mtu aliyekukopesha laki moja miaka kumi na tano iliyopita, ukamrudishia noti zile zile kavu, umelipa deni. Ila heshima ya kumwongeza ipo mlangoni, na ni wewe tu wa kuifungua.

Kusamehewa kwa jumla hakutoshi. Hapa ndipo ujumbe wa Shaaban unapokatikia. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, kauli iliyochukuliwa ni kwamba kumsamehe mtu deni lisilojulikana kiasi chake hakuswihi. Mwenye duka akijibu "nimekusamehe" bila kujua kama ni elfu tano au laki tano, deni halijaondoka. Madhehebu mengine, kama ya Hanafi, yana wepesi hapa, lakini kwa nini uiache dhima yako ining'inie kwenye hitilafu ya wanazuoni wakati unaweza kutaja namba?

Kama kiasi hukijui kabisa, wanazuoni wa Shafi wametaja njia: tajeni kiwango ambacho mna hakika kinazidi deni, kisha mwenye haki aseme, "Nimekusamehe mpaka shilingi laki tano." Deni likiwa ndani ya hapo, limesamehewa.

Maneno ya kusema ni mafupi. Baada ya salamu: "Kaka, mwaka 2016 ulinikopesha laki mbili na nusu, nikakulipa laki. Laki na nusu yako hii hapa. Na kwa kukuchelewesha, naomba radhi." Ukimwendea aliyekuzidi umri, shikamoo itangulie na pesa uishike kwa mikono miwili. Usianze na hadithi ya shida zako. Akisikia shida kwanza, atajiona analazimishwa kukuonea huruma, na msamaha wa namna hiyo una kasoro yake, kama utakavyoona kwenye mirathi.

Kama hajui kwamba ulichukua. Si lazima ujitangaze mwizi. Kilicho wajibu ni haki imfikie mkononi. Njia salama ni kumpa mtu mwaminifu bahasha ya pesa taslimu aseme: "Hii ni haki yako ya zamani, mwenyewe ameomba nisimtaje." Usitume kwa simu, jina lako litatokea kwenye ujumbe kabla pesa haijahesabiwa. Na usimwambie kuwa ni zawadi: ataona inampasa arudishe hisani, nawe utakuwa umekula mara mbili.

Kama amefariki. Haki ni ya warithi wake, kila mmoja kwa fungu lake. Mjane akisamehe, amesamehe la kwake tu. Watoto ambao hawajabaleghe hawana uwezo wa kusamehe, wala mlezi wao hawezi kusamehe kwa niaba yao. Fungu lao hulipwa lote.

Kama hajulikani au hapatikani. Mtafute kwanza kwa dhati: namba za zamani, ndugu, msikiti wa mtaa wake. Ukishindwa kabisa, toa kiasi kile sadaka kwa nia kwamba thawabu ni zake. Imepokewa kwamba sahaba Ibn Mas'ud alifanya hivyo na bei ya kijakazi ambaye muuzaji wake alimpotea. Akija kutokea, mpe hiari: airidhie sadaka, au umlipe na sadaka iwe yako. Wateja wa ile mizani pungufu na kondakta wa ile daladala wanaingia hapa.

Mirathi. Hii ndiyo dhuluma ya nyumba nyingi za watu wanaoswali safu ya mbele. Kaka anaishi nyumba ya baba na kukodisha vyumba, dada wameolewa, na kila akiulizwa hujibu, "Dada zangu wamesamehe." Wamesamehe lini? Walikaa kimya kwenye kikao cha arubaini, mbele ya wajomba na ami, wakiogopa kuitwa wapenda mali. Wanazuoni wana maneno makali hapa: kilichochukuliwa kwa upanga wa haya, yaani mwenyewe alikitoa kwa kuona aibu kukataa, hukumu yake ni ya kilichoporwa.

Fanya hesabu. Baba ameacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, bila mrithi mwingine. Mafungu ni manne: mwanamume mawili, kila binti moja. Kodi ikiwa 400,000 kwa mwezi, kila binti ana 100,000. Kwa miaka mitatu, kila mmoja anadai 3,600,000, mbali na sehemu yake ya nyumba yenyewe. Kuwepo mjane au bibi kunabadilisha mafungu, kwa hiyo hesabu ya kwenu ipeleke kwa kadhi au mjuzi wa mirathi.

Kisha mkabidhi dada haki yake kwa maandishi na mkononi, mkiwa wawili au pamoja na mumewe. Akae nayo. Baada ya hapo akitaka kukupa chochote, ni zawadi ya aliyemiliki. Kinyume cha utaratibu huu, yaani kumwomba asamehe kabla hajakishika, ndicho kinachowaponza wengi.

Kama huna uwezo. Nenda hivyo hivyo, kiri kiasi, panga awamu ndogo unazoziweza, andikeni na mshuhudishe kama inavyoelekeza aya ya 282 ya Suratul-Baqara. Aya ya 280 inamtaka mdai ampe muhula mwenye dhiki. Lakini muhula huo ni wa mwenye dhiki kweli. Tajiri kuchelewesha ni dhuluma, na anayejenga ghorofa huku fundi wake anadai asijifiche nyuma ya aya hiyo.

Utajua hatua imekamilika ukiwa na neno moja kati ya haya mbele ya kila jina: *amepokea*, *amesamehe kiasi fulani*, au *awamu mpaka tarehe fulani*.

## Hatua ya 4: Maneno uliyoyasema

Tenganisha kwanza, maana dawa zake si moja.

Kusengenya ni kumtaja mwenzako kwa analolichukia, na liwe kweli analo. Kuzusha ni kumtaja kwa asilo nalo. Fitina ni kubeba maneno ya huyu kumpelekea yule ili wagombane.

*Ulimsengenya na habari zilimfikia.* Mwendee, umwombe radhi, na ulitaje jambo. Nawawi ameona kulitaja ndiko kuliko dhahiri zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kusamehe neno moja asisamehe jingine. Sema: "Mama Asha, kwenye ile harusi nilikusema kuhusu ndoa ya mwanao. Nilikosa. Naomba unisamehe."

Kwepa neno "kama". "Kama nilikukosea, nisamehe" humwachia aliyeumizwa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumizwa. Kwepa pia "lakini": kila kinachokuja baada yake ni kesi mpya.

*Ulimsengenya na hajui.* Wapo waliosema ni lazima aombwe radhi vyovyote. Wengine, wakiwemo Ibn Taymiyya na Ibnul-Qayyim, wamesema asiambiwe, kwa sababu kumwambia ni kumuumiza upya kwa kitu ambacho hakikuwa kimemuuma. Mtazamo huu wa pili ndio unaofaa zaidi kwenye mitaa yetu, ambako kukiri kwa mmoja huwa habari ya kumi kabla ya adhuhuri. Lakini usiuchukue kama njia ya kukwepa, una masharti yake: muombee dua na msamaha kwa jina lake, na umtaje kwa wema wa kweli pale pale ulipomteta na mbele ya watu wale wale. Kumsifu faraghani hakutengenezi ulichoharibu barazani.

*Ulizusha.* Hapa radhi ya mwenyewe haitoshi, kwa kuwa uongo umebaki vichwani mwa watu. Rudi kwa waliosikia useme: "Nilisema fulani amekula pesa za msikiti. Halikuwa kweli, ni mimi nilisema uongo." Kama ulituma sauti kwenye kundi, sahihisha kwa sauti kwenye kundi hilo hilo. Usipanue: ukipeleka masahihisho kwa watu mia tano wakati waliosikia ni thelathini, umewapa mia nne na sabini habari mpya.

Kumsingizia mtu zinaa kuna uzito wake peke yake, kama inavyoeleza Suratun-Nur, aya ya 4 na ya 5. Kwa Shafi, toba yake haikamiliki mpaka msemaji ayakanushe maneno yake kwa ulimi wake.

*Ulifitini.* Wapatanishe uliowatenganisha, kwa kila mmoja kumweleza ulivyopotosha. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana unaweza kuwapoteza wote wawili. Nenda hata hivyo.

Kuhusu mwili, kwa ufupi: uliyempiga umwombe radhi na ugharimie tiba ya ulichojeruhi. Jeraha kubwa lipeleke kwa mwanachuoni na kwa sheria. Mtoto uliyempiga kwa dhuluma, hata kama ni wako au mwanafunzi wako wa madrasa, aombwe radhi pia, uso kwa uso.

## Hatua ya 5: Mliokatana

Wapo ambao hawadaiani kitu, hawasemezani tu. Si halali Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka na yule akageuka, na mbora wao ni anayeanza salamu. Kwa hiyo anza na salamu tupu. Usiambatanishe na kikao cha "tuzungumze yaliyopita." Salamu tatu au nne za njiani, kisha kumjulia hali mgonjwa wake au kumpelekea futari, halafu ndipo mazungumzo, kama bado yanahitajika. Mara nyingi hayahitajiki.

Kurudisha salamu hakukulazimishi umrudishie na siri zako. Mtu aliyekudhuru mara mbili unaweza kumsalimia vizuri na usimpe ufunguo wa duka.

## Hatua ya 6: Akikataa kusamehe

Ana haki hiyo. Aya ya 40 ya Suratush-Shura imempa haki ya kulipa mfano wa alichotendewa, kisha ikasifu msamaha. Kusifu si kulazimisha.

Usimletee msafara wa masheikh, na usimwambie "Mungu anasamehe, wewe ni nani?" Usiombe radhi mbele ya watu ili aone haya kukataa, ule upanga unarudi. Mpe mali yake hata kama amenuna, maana kulipa hakusubiri kusamehewa. Akikataa kuipokea, iweke kwa mtu mwaminifu mnayemjua nyote, umjulishe iko wapi.

Kama kosa ni la maneno yaliyogusa heshima yake, rudi tena baada ya miezi michache, mara moja au mbili, bila kumsumbua. Kisha muombee dua na uzidishe mema, kwa sababu ile hadithi ya mufilisi katika Muslim inaeleza malipo ya siku ya Kiyama: wadai hupewa katika mema ya mdaiwa. Mwenye akiba hapo ana cha kutoa.

## Hatua ya 7: Hamisha mabaki kwenye wasia

Kilichobaki daftarini, hasa awamu ambazo hazijaisha na watu usiowapata, kihamishie kwenye wasia. Haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale mikesha miwili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Andika jina la mdai, kiasi kilichobaki, namba yake ya simu, na mali itakayouzwa kulipia, kisha tia saini mbele ya mashahidi wawili. Deni hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote, lakini warithi hawawezi kulipa wasilolijua.

Ukurasa wa maneno na siri za watu usiuingize kwenye wasia. Uchome ukishamaliza hatua ya 4.

Wasia wenyewe usiufungie kabatini ukabaki na ufunguo. Nakala moja iwe kwa mkeo au mumeo, nyingine kwa mtu wa nje ya warithi, na kila awamu ukiilipa, wapigie simu wote wawili wakate mstari siku hiyo hiyo.